Nondo Zilale Wapi

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, zote zikiwa na haraka. Mwalimu wa somo la kani na mikazo ameingia darasani akiwa amebeba tofali, akaliweka mezani, akatutazama. "Jumla ya kani zote zinazokikalia kitu kilichotulia ni sifuri," akasema. "Ndiyo maana hakiendi popote. Ninyi nanyi naona mmetulia. Muhula ukiisha tutajua jumla ya vichwa vyenu ni ngapi." Kufika mapumziko alikuwa tayari ana jina: Jumla Sifuri.

Tuko arobaini na mmoja. Jirani yangu wa dawati ni mama mmoja mchomeleaji wa mageti, miaka thelathini na tano hivi, mikono imejaa vidoti vya cheche. Anaandika polepole kama mtu anayetarizi. Nimemdharau papo hapo. Naandika hapa kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Kaka yangu ni fundi mwashi kama alivyokuwa baba. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne, Kaka akanitoa shule nibebe zege miaka miwili. Kisha akanirudisha, na tangu hapo ananisomesha yeye. Hajawahi kusema samahani, nami sijawahi kusema asante. Jumla sifuri.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Jaribio la kwanza nimepata tisa juu ya kumi. Mchomeleaji kapata tatu, kalikunja karatasi lake likawa dogo kama kibiriti.

Jumanne, 11 Machi

Jumla Sifuri ameleta sponji la kuoshea vyombo. Amelichora mistari ubavuni, akaliweka juu ya vitabu viwili, huku na huku, akalibonyeza katikati. Mistari ikasogeleana juu, ikaachana chini.

"Zege ni shujaa wa kubanwa na mwoga wa kuvutwa," akasema. "Juu linabanwa, halina neno. Chini linavutwa, litapasuka. Basi nondo zilale wapi?"

"Chini!" tukaitikia kama watoto wa chekechea.

"Hamjambo. Mafundi wa mitaani huweka nondo pale inapowaangukia mkononi. Nyumba ikilala chini, wanasema ni mipango ya Mungu."

Darasa likacheka. Nilicheka kuliko wote, mimi niliyelishwa na kuvishwa na fundi wa mitaani.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimefurahi, na nataka nikumbuke nilivyofurahi.

Kaka anamjengea roshani Nesi mstaafu, ghorofani, juu ya mlango wa mbele. Nusu ya mtaa huu ilizaliwa mikononi mwa Nesi, mimi nikiwamo. Amestaafu, magoti yamemchosha, anataka mahali pa kukaa jioni atazame barabara bila kushuka ngazi. Roshani inatoka ukutani mita moja na robo, hewani, chini imeshikiliwa na mirunda, yale magogo membamba ya kuegemeza mbao mpaka zege likomae. Mbao zilipigwa na seremala wa Kaka, mtu mwembamba mwenye ulimi mkali, anaitwa Msumari.

Nilipanda ngazi nikakuta Kaka amepiga magoti, anafunga nondo kwa waya. Alikuwa amezinyanyua juu, karibu na pale uso wa zege utakapofika. Nikacheka kwa sauti.

"Kaka, unafanya nini hapo?"

"Nafunga nondo. Hujawahi kuona?"

"Nondo hukaa chini. Zege huvutwa chini. Hizo ulivyoziweka juu ni kama mkanda wa suruali uliofungwa shingoni."

Msumari akacheka. Nesi, aliyekuwa dirishani, naye akatabasamu. Kaka hakucheka.

"Ya roshani baba alikuwa anaziweka juu," akasema.

"Kwa nini?"

Akakaza fundo la waya. Hajui. Miaka kumi na mitano ya kufunga nondo na hajui kwa nini.

"Baba hakusoma," nikasema. "Na wewe ulichojifunza ni kumwiga baba."

Niliona shingo yake ikikaza. Kisha akachukua koleo la kukatia waya. "Haya, Injinia. Chini."

"Chini," nikasema, nikashuka. Njia nzima nilitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Miaka miwili nilimbebea zege kichwani, akinifokea kila ndoo inapochelewa. Leo nilimfokea mimi, mbele ya watu, kwa sentensi chache tu. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Jumatatu, 17 Machi

Zege la roshani limemwagwa leo asubuhi, kabla ya mvua. Sikuwepo, nilikuwa darasani. Kaka amerudi jioni, amekula, amelala. Hakuna aliyezungumza habari ya nondo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Soksi hazikauki.

Jumanne, 25 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Leo mada ilikuwa boriti iliyoshikwa upande mmoja tu, upande wa pili uko hewani. Jumla Sifuri hakuleta sponji. Alimwita Mchomeleaji mbele, akamwambia anyooshe mkono, akamwekea tofali kiganjani. "Usikunje kiwiko." Kisha akaendelea kufundisha kana kwamba hayupo. Baada ya dakika moja mkono ulianza kutikisika. Akamwongezea tofali la pili. Watu wakaanza kukohoa kohoa kuficha vicheko. Mimi sikuficha.

"Unaumia wapi, Mama?"

"Begani, Mwalimu."

"Juu ya bega au chini yake?"

"Juu. Msuli wa juu ndio unavutika, kama unataka kuchanika."

"Mnasikia? Huyu hajui kuandika hesabu, lakini bega lake linajua." Akageuka. "Na wewe unayecheka. Simama. Mkono wa huyu mama ni roshani. Nondo zilale wapi?"

Mdomo ulinitangulia. Ulikuwa umeshazoea. "Chini."

Watu wakanigeukia. Mchomeleaji bado alikuwa ameshika matofali yake mawili, jasho linamtoka.

"Chini," akasema Jumla Sifuri, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Basi wewe utaua watu. Kaa."

Nikakaa. Sikusikia kingine. Nilikuwa naona magoti ya Kaka juu ya mbao, na koleo, na zile nondo zikishuka.

Jumatano, 26 Machi

Nimepiga hesabu mara tatu. Nilitamani nikosee.

Roshani tupu, zege peke yake litajibeba, kwa shida. Ukiongeza ukuta mfupi wa mbele wa kufika kiunoni, uzito wote uko ukingoni, pale panapoumiza zaidi, na zege linafika mwisho wa uvumilivu wake. Ukiongeza watu watatu, limevuka. Na zege lisilo na nondo mahali pake haliagi. Halipindi, halitoi mlio, halikupi nafasi ya kukimbia. Linakatika tu pale ukutani, kama biskuti.

Maadamu mirunda iko chini, hakuna kitakachoanguka. Kaka hutoa mirunda siku ya ishirini na moja. Hiyo ni tarehe saba Aprili. Nitamwambia Jumamosi.

Jumamosi, 29 Machi

Sikumwambia.

Nilienda, nia ninayo, maneno nimeyapanga. Nikamkuta na watu wawili waliokuja kutazama kazi. Mmoja wao, mwenye duka la vitambaa, anataka kujengewa ghorofa. Kaka akanishika bega: "Huyu mdogo wangu. Anasomea mambo haya. Hata nondo za hapa alinielekeza yeye." Alisema bila kunitazama. Msumari akajikuna kidevu.

Watu walipoondoka nikasema, "Kaka, mirunda usiitoe mapema."

"Siku ishirini na moja, kama kawaida."

"Ongeza wiki."

"Kwa nini?"

"Mvua. Zege halijashika vizuri."

"Zege linapenda maji, mdogo wangu. Mtoto wa fundi hajui hilo?" Akangoja. "Mvua tu?"

"Mvua tu."

"Haya. Wiki."

Nilirudi nyumbani nimelowa hadi mifupani, nikajiambia nimeshinda siku saba. Mtu hujua anapojidanganya. Anachokosa ni aibu ya kuacha.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nyumbani Mama kauliza mbona sili.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilikaa na Mchomeleaji kwenye ngazi za karakana. Bega lake bado linamuuma. Nikamwambia, "Kuna jamaa namfahamu, alimshauri fundi vibaya kuhusu nondo za roshani…"

"Huyo jamaa ni wewe," akasema. "Na fundi ni nani?"

Ikabidi niseme. Hakunicheka, ingawa ilikuwa zamu yake. "Mwambie leo. Mficha uchi hazai."

"Zege limeshakauka, Dada."

"Livunjwe. Mimi mageti mangapi nimeyakata nikaanza upya? Chuma hakina haya. Mwenye haya ni wewe."

Nikamwahidi. Nilimaanisha, kwa kadiri ninavyomaanisha chochote siku hizi.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukuta wa mbele wa roshani umekamilika, umepigwa lipu, mzuri kweli. Kila tofali nililoliona pale nililijua uzito wake.

Kaka alikuwa peke yake. Alinipa kikombe cha maji, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akauliza bila haraka: "Bado unasema chini?"

Sijawahi kupewa nafasi nzuri kuliko ile. Hakukuwa na Msumari, wala Nesi, wala mtu yeyote wa kunicheka. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia. Ningesema neno moja tu.

"Chini," nikasema. "Lakini ongeza wiki moja. Mvua."

"Mvua tu?"

"Mvua tu."

Akatikisa kichwa, akamwaga maji yaliyobaki kwenye kikombe.

Sasa nataka nijihukumu mwenyewe hapa, maana hakuna mwingine. Kwa nini? Sababu ya kwanza ninaweza kuisema bila kuona haya sana: miaka tisa Kaka hakuwahi kuniuliza kitu. Alikuwa anatoa amri tu: beba, leta, harakisha. Alipoanza kuuliza, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Kumwambia nilikosea ni kurudi kwenye ndoo.

Sababu ya pili ni mbaya. Nikilala naiona roshani ikianguka saa ambayo haina mtu, tupu, chini hakuna anayepita. Asubuhi watu wamejaa, Kaka amesimama mbele ya vifusi hana la kusema. Nataka imwangukie jina, si kichwa. Nilipoandika sentensi hii nilitaka kuichana, nimeiacha. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mchomeleaji kauliza, "Umemwambia?" Nikasema ndiyo. "Kasemaje?" Nikasema ataivunja baada ya mvua. Akanitazama sana.

Jumamosi, 19 Aprili

Nesi amekasirika. Alishuka ngazi kwa magoti yake yale mabovu, akashika mrunda mmoja, akautikisa. Niliruka hatua moja nyuma.

"Mwanangu," akamwambia Kaka, "nina miaka sabini na moja. Unanijengea roshani au kaburi? Mirunda hii itatoka lini?"

Kaka akanigeukia. "Injinia, itatoka lini?"

"Wiki moja tu, Mama. Kwa sababu ya mvua."

Nesi akaangalia juu. Jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikatika tangu Jumatano. Msumari akainamisha kichwa kuzuia kicheko, akaniangalia kwa chini kama mtu anayengoja utani ufike mwisho wake.

"Jumamosi ijayo," akasema Kaka. "Hakuna wiki nyingine baada ya hiyo."

Jumanne, 22 Aprili

Mchomeleaji amehama dawati. Amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilimsalimia, akaitikia kama anavyoitikiwa mgeni.

Ijumaa, 25 Aprili

Nitamwambia kesho asubuhi, kabla hajatoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilijifanya nimelala. Nilisikia akivaa viatu, nikasikia akisimama mlangoni mwa chumba changu. Sikugeuka. Kisha mlango wa nje ukafungwa.

Nilifika saa nne, nikasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya mkokoteni wa mtu. Msumari alikuwa chini anagonga mirunda kwa nyundo, mmoja mmoja, kuanzia ukingoni kwenda ukutani, kama inavyotakiwa. Ulipotoka wa mwisho nilishika gurudumu la mkokoteni. Hakikutokea kitu. Nikajiambia: bila watu itajibeba, nilishasema.

Kaka akatokea juu, akatembea hadi ukingoni. Mmoja. Akaniona.

"Injinia!" akaita. "Panda uje uone kazi yako!"

Watu wakageuka. Nikapunga mkono kuonyesha niko sawa hapa.

Nesi akatoka na kiti chake. Wawili. Akakaa, akaegemeza mikono juu ya ukuta, akacheka peke yake. Nilitaka kupiga kelele. Naapa nilitaka. Na ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa akihesabu.

Msumari akapanda. Watatu.

"Panda!" Kaka akaita tena. Kisha akaruka. Aliruka pale ukingoni, kwa miguu yote miwili, mtu wa kilo themanini, akatua. Nami nikachuchumaa nyuma ya mkokoteni, nikajifunika kichwa kwa mikono, mita kumi na tano kutoka mahali ambapo hata jiwe lisingenifikia.

Akaruka tena. Na tena.

Nilipofungua macho roshani ilikuwa palepale. Mtaa mzima ulikuwa unanicheka, mtu mzima aliyechuchumaa kama kuku anayenyeshewa. Halafu vicheko vikapungua kimoja kimoja, maana watu si wajinga. Nesi hakuwa akicheka tena. Alikuwa amesimama, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, ananitazama, kisha anatazama sakafu aliyosimamia.

Jumapili, 27 Aprili

Kaka alinikuta uani nafua. Akavuta kigoda.

"Nondo nilizipandisha siku ileile," akasema. "Ulipogeuza kona tu. Nikiwa na miaka kumi na saba niliziweka chini, baba akanichapa mgongoni kwa pima maji, ule ubao wa kupimia usawa, mpaka ikavunjika. Hakuniambia kwa nini. Lakini mgongo wangu haukusahau."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanzo sikutaka kukuaibisha mbele ya Msumari kama ulivyoniaibisha. Nikasema utafika mbele darasani, utajua mwenyewe, utakuja tucheke. Ulipokuja na hadithi ya mvua, nikajua umeshajua. Nikangoja. Jumatatu iliyopita rafiki yako mchomeleaji akanifuata kazini, analia, ananisihi nisipite chini ya ile roshani. Mtu nisiyemjua. Nikampandisha ngazi, nikapiga nyundo juu, pembeni, mpaka nondo ikaonekana, ndipo akanyamaza." Akanitazama. "Ulijua tangu lini?"

"Ishirini na tano Machi."

Akahesabu kwa vidole, kwa utaratibu, kama anavyohesabu matofali. "Siku thelathini na mbili."

"Kaka, wewe ulinitoa shule."

"Nilikutoa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nina wewe na Mama, sikujua njia nyingine. Kwa hilo unichukie, ni haki yako. Na Nesi? Nesi alikukosea nini?"

Niliacha nguo ndani ya beseni. Povu lilikuwa linakauka mikononi.

"Na wewe," nikasema mwishowe, "ulinitesa wiki zote hizo ukijua."

"Ndiyo," akasema. "Nilitaka kujua nina mdogo wa aina gani. Ningeacha kuuliza mapema ingekuwa nafuu kwetu sote."

Jumamosi, 3 Mei

Nesi amemwita Msumari akapigilie mbao mlango wa roshani, kwa ndani. Ameuambia mtaa: "Ndugu yake mwenyewe, anayesomea mambo hayo, alikataa kupanda. Alijificha. Anajua kitu." Kaka alijitolea kumwonyesha nondo kama alivyomwonyesha Mchomeleaji, akakataa hata mlango usifunguliwe. Mwenye duka la vitambaa amempa kazi ya ghorofa fundi mwingine. Msumari ndiye aliyeniletea habari hizi. Alizitupa mlangoni akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kwa Nesi. Nilimwambia yote, tangu sponji la kuoshea vyombo hadi mkokoteni. Alinisikiliza amefumba macho.

"Unamfunika ndugu yako," akasema. "Si vibaya. Ndugu hufunikana."

"Simfuniki, Mama. Roshani ni nzima. Mwenye kosa ni mimi."

"Kama ni nzima, kwa nini ulijifunika kichwa?"

"Niliamini itaanguka."

"Uliamini itaanguka, mimi niko juu yake, na hukusema?"

"Ndiyo."

Akafumbua macho. "Basi ama kaka yako ni fundi mbaya, ama wewe ni mtu mbaya. Moja kati ya hayo. Mimi nalisadiki la kwanza. Wewe nilikupokea kwa mikono hii, ulikuwa umejizonga kitovu shingoni, nikakupulizia pumzi mpaka ukalia. Usinifanye nisadiki la pili."

Nikamwomba anifungulie mlango nisimame pale kutwa nzima watu waone. Akakataa. Alisema nikianguka hana maneno ya kumwambia mama yangu. Akanipa chai. Niliinywa, maana kuikataa kungekuwa ukatili mwingine, na wangu ulikuwa unatosha.

Alhamisi, 15 Mei

Mtihani. Swali la nne: roshani inayotoka mita moja na nusu. Chora nondo, toa sababu. Nilimaliza nikiwa na nusu saa mkononi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekuwa wa kwanza darasani. Swali la nne nimepata alama zote. Jumla Sifuri aliinua karatasi yangu watu waione, akasema huyu alikuwa muuaji mwezi wa tatu, sasa ni mtu. Darasa likacheka na kupiga makofi. Mchomeleaji amefaulu kwa alama moja ya ziada. Alikuwa anakusanya vitu vyake, hakupiga makofi, na mimi nilitamani angenizomea.

Jumamosi, 24 Mei

Kaka anaondoka. Hapa hakuna anayemwita tena hata kwa kujenga choo, kwa hiyo anakwenda mji mwingine kwa jamaa mmoja anayejenga mabweni. Mama analia chumbani na mlango ameufunga.

Nilimkuta sebuleni anafunga mwiko na pima maji mpya ndani ya shati la zamani. Nikasimama. Hatujazungumza zaidi ya salamu kwa karibu mwezi. Nikadhani atanipita.

"Nieleze," akasema.

"Nini?"

"Kwa nini juu. Baba hakuniambia. Huko niendako wataniuliza, na mimi nimechoka kusema ndivyo nilivyofundishwa."

Nikavua ndara moja. Nikachukua kalamu, nikachora mistari ubavuni mwa soli, nikaibana kisigino chake ukingoni mwa meza kwa kiganja, nusu ya mbele ikabaki hewani. "Bonyeza hapo mwisho." Akabonyeza kwa kidole. Ndara ikainama.

"Tazama mistari. Wapi inaachana?"

Akainama karibu. "Juu."

"Na chini?"

"Inasongamana."

"Zege haliwezi kuvutwa. Nondo zinaweza. Basi."

Akabonyeza tena, na tena. Akaigeuza ndara, akaiweka katikati ya vikombe viwili kama boriti ya kawaida, akabonyeza katikati, akaona mistari ikiachana chini, na mimi sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Uso ukafunguka. Sijamwona na uso ule tangu baba alipokuwa hai. "Kumbe!" akasema. "Kumbe ni hivi tu! Si suala la juu wala chini, ni wapi panavutwa. Mzee alikuwa sahihi na hakujua!" Akacheka, akanipiga begani, nami nikacheka, na kwa muda ule tulikuwa ndugu wawili na ndara moja.

Kisha kicheko kikamwisha. Akainua macho kwenye saa ya ukutani.

"Dakika mbili," akasema. "Hata mbili hazikufika. Wewe ulikuwa na siku thelathini na mbili."

Akanirudishia ndara yangu, akabeba mzigo wake, akaenda kumuaga Mama.